Pedali za breki za hali ya juu: lodi seli au haidroliki? Na kwa nini asilimia za mchana na usiku hazifanani?

#1 Mzizima_GT (Dar es Salaam)
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa pedali ya breki tu, ya mbio za magari za kompyuta, usukani tuuache kwanza. Nataka kupanda daraja na nimekwama kati ya lodi seli nzuri (sensa inayopima nguvu) na haidroliki (inayotumia shinikizo la mafuta), lakini kabla sijatoa hela nataka nielewe kitu kimoja.

Nilicho nacho: lodi seli ya daraja la kati yenye raba mbili nyuma ya mkono wa pedali, rigi (fremu ya kufungia pedali na kiti) ya profaili za alumini 40x40, kiti cha ofisi kilichotolewa magurudumu. Asilimia 100 ya breki nimeiweka kwenye kilo 55. Magari ni GT3 ndani ya mchezo wa Assetto Corsa Competizione (ACC) na MX-5 ndani ya mchezo wa iRacing.

Tatizo: uwanja wa Spa, kuingia kona ya La Source, mguu ukikanyaga kwa mazoea mchana telemetria (rekodi ya namba za gari) inasoma asilimia 80 hadi 82. Usiku, chumba kimepoa, mazoea yaleyale yanasoma 88 hadi 90. Kwenye GT3, ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisifunge) inanifichia kosa. Kwenye MX-5, ambayo haina ABS, usiku tairi za mbele zinafunga na mchana napitiliza kona.

Je, haidroliki inaliondoa hili, au nitanunua tatizo lilelile kwa bei kubwa zaidi?

#2 Gia_ya_Tano (Arusha)
Ni raba hizo, mkuu. Ugumu wa raba za pedali hupimwa kwa Shore A, na nyingi ziko kati ya 50 na 90. Joto likipanda zinalainika, baridi ikiingia zinakazika. Mguu wako umezoea pedali ikomee mahali fulani. Mchana inafika hapo kwa nguvu ndogo, usiku inadai nguvu zaidi. Ndiyo 81 na 89 zako.

Cha kufanya: toa hizo mbili, weka moja ngumu ya Shore 80 au 90 na washa (pete bapa) za chuma kujaza nafasi iliyobaki. Raba ikiwa fupi na ngumu, kulainika kwake kwa joto kunabadilisha umbali kidogo sana. Halafu kabla ya kila kikao ikanyage mara 30 au 40 kwa nguvu ya kawaida ili iamke. Na raba mpya usiipimie siku ya kwanza. Saa za mwanzo hujikunja na kubaki hivyo, mkazo wa awali unapungua, pedali inaanza kucheza. Kaza upya, ndipo usawazishe.

#3 Mtwapa_Apex (Mombasa)
Bwana Gia, hapo umempoteza mwenzetu. Lodi seli haipimi umbali, inapima nguvu. Raba iwe laini kama andazi au ngumu kama jiwe, kilo 45 za mguu zitasomeka kilo 45. Raba ingekuwa na kosa kama pedali ingekuwa ya potenshiometa, zile za mwendo mtupu. Kama namba zinatofautiana, basi mguu wake unatofautiana au sensa inahama. Mambo ni hayo mawili tu.

#4 Gia_ya_Tano
Mtwapa, soma tena nilichoandika. Sikusema sensa inadanganywa na raba. Nimesema mguu ndio unadanganywa. Hakuna mtu anayekanyaga kwa kilo peke yake. Kifundo cha mguu kinasikia pembe, goti linasikia pembe, unyayo unasikia mgandamizo. Ukibadilisha mwendo wa pedali kwa milimita 4, mguu uliozoea utapunguza nguvu bila wewe kujua.

#5 Mtwapa_Apex
Kwa hiyo tatizo ni mguu. Ndivyo nilivyosema.

#6 Kipimo_Sahihi (Dodoma)
Nyote wawili mmeruka kitu cha tatu: wenzo.

Kwenye pedali nyingi mkono unazunguka kwenye pini ya chini na fimbo inasukuma lodi seli kwa pembe. Mkono ukizunguka zaidi, pembe ile inabadilika na uwiano nao unabadilika. Chukua mguu wa kilo 40. Uwiano wa 3 kwa 1 unapeleka kilo 120 kwenye lodi seli. Raba ikilainika, mkono ukaenda mbele zaidi, uwiano ukashuka hadi 2.8, lodi seli inapata 112. Umepoteza karibu asilimia 7 na mguu haujabadilisha chochote. Kwa hiyo Mtwapa, ile kauli ya "kilo 45 zitasomeka 45" inasimama pale tu lodi seli inapokaa chini ya unyayo wenyewe, au wenzo ukiwa umesanifiwa uwiano usihame. Pedali za namna hiyo ni chache.

Na hapohapo niseme kuhusu kilo za kwenye boksi, maana ndizo zinawapoteza wanunuzi wengi. Kampuni moja inaandika uwezo wa lodi seli, nyingine inaandika nguvu ya mguu. Lodi seli ya kilo 200 kwenye wenzo wa 3 kwa 1 inajaa mguu ukifika kilo 67. Heusinkveld wa Uholanzi wanaposema kilo 65 kwa Sprint na takriban 140 kwa Ultimate+, wanazungumzia mguu. Fanatec wanaposema kilo 90 kwa ClubSport V3, wanataja lodi seli. Ukizipanga namba hizo kwenye safu moja unalinganisha maembe na kokwa zake. Kabla ya kununua uliza swali moja: "Hizo kilo zinapimwa wapi?"

Mzizima, usinunue kitu bado. Fanya hivi kwanza:

Tafuta mizani ya kuning'iniza ya mizigo, ile ya kilo 50. Funga mkanda kwenye bamba la pedali, pale hasa unyayo unapogusa, na uvute kuelekea mbele ya rigi kwa pembe ya mraba na mkono wa pedali. Vuta kilo 10, 20, 30, 40. Kila hatua shikilia sekunde 3 na uandike asilimia. Kisha shuka 40, 30, 20, 10 na uandike tena. Fanya mchana, rudia usiku. Mizani haina mazoea wala uchovu. Namba zikifanana, sensa na wenzo havina kosa. Zikitofautiana, hapo ndipo tutafute.

#7 Mzizima_GT
Shukrani mkuu Kipimo. Mizani ipo, nitafanya hivyo wiki hii. Endeleeni.

#8 Bi_Kona (Nairobi)
Hamjambo. Mbona hakuna aliyeuliza kuhusu kiti? Amesema kiti cha ofisi. Kiti cha ofisi kina silinda ya gesi katikati na kitasa cha kulaza mgongo. Ukikanyaga kilo 50, kilo 50 zilezile zinasukuma mgongo nyuma. Kitasa kina uhuru wake, silinda nayo inatikisika. Kutoa magurudumu kumezuia kiti kisiteleze tu, hakujazuia kisijikunje.

Jaribio la dakika 2: simu kwenye stendi, rekodi kutoka ubavuni, rula imebandikwa nyuma ya mgongo wa kiti. Kanyaga asilimia 90. Hesabu milimita. Ikizidi 5 au 6, usiguse pedali kabla hujarekebisha kiti.

Pili ni urefu wa kiti. Kiti cha ofisi kiko juu, kwa hiyo mguu unashuka na kusukuma kwa pembe. Sehemu ya nguvu inapotelea kwenye sakafu ya pedali. Kiti kishuke mpaka nyonga na kisigino vikaribiane kwa kimo, goti libaki limekunjika kiasi, kama nyuzi 120 hivi breki ikiwa imekanyagwa. Nguvu itoke kwenye nyonga na paja. Kifundo kiwe cha kurekebisha tu. Anayekanyaga breki ya kilo 55 kwa kifundo peke yake atachoka baada ya dakika 20 na asilimia zitashuka zenyewe.

#9 Gia_ya_Tano
Dada Kona, kiti kingekuwa na kosa kingekosea mchana na usiku sawasawa. Yeye ana tofauti ya saa.

#10 Bi_Kona
Si lazima, kaka. Povu la kiti nalo ni la joto. Mchana limelainika, unazama. Na mchana anavaa nini miguuni? Soksi au viatu? Soli nene ya raba nayo ni raba. Mzizima, jibu hilo tafadhali.

#11 Mzizima_GT
Mchana pekupeku, usiku viatu vya mazoezi. Sikuwahi kufikiria kama hilo lina uzito.

#12 Bi_Kona
Basi tayari una pedali mbili tofauti. Chagua moja. Soli nyembamba na ngumu, au soksi kila siku.

#13 Seeb_Haidroliki (Muscat)
Salaam aleikum. Nijibu swali lenyewe la mwenye uzi, la haidroliki.

Mguu unasukuma silinda kuu, mafuta yanapita kwenye bomba hadi silinda ya pili, sensa ya shinikizo inasoma. Hesabu yake ni nyepesi. Mguu kilo 60, wenzo 4 kwa 1, kilo 240 kwenye pistoni. Pistoni ya milimita 16 ina eneo la sentimita mraba 2 na ushee, shinikizo linafika kama bar 117. Ukiweka silinda ya inchi 3/4, eneo linakuwa 2.85 na shinikizo linashuka hadi bar 83 hivi. Kwa hiyo angalia sensa yako inaishia bar ngapi kabla ya kubadilisha silinda. Sensa ya bar 100 kwenye mfano wa kwanza inajaa mguu ukifika kilo 51 tu.

Faida yake kubwa ni wakati wa kuachia. Mafuta yakipita kwenye tundu jembamba yanazuia pedali isiruke. Unapoingia kona huku unaachia breki taratibu, mstari wa telemetria unashuka laini. Lodi seli yenye raba tupu inarudisha mguu kwa kuruka, mstari unatoka meno kama msumeno. Asetek wa Denmark walijenga Invicta juu ya silinda mbili kwa sababu hiyo, na Simagic P2000 nayo ni haidroliki. Ukitaka breki ya kweli, hapo ndipo ilipo.

#14 Kipimo_Sahihi
Seeb, hesabu yako ni sahihi, na hoja ya kuachia naikubali. Lakini swali la Mzizima ni joto. Mafuta hayabonyei. Kinachobonyea ndani ya pedali hizo ni nini? Ni raba iliyo kwenye silinda ya pili au kwenye fimbo. Raba ileile ya Gia. Haidroliki haijamwondolea raba, imeiweka mahali pengine na kuongeza sili (pete za kuzuia mafuta yasivuje) juu yake.

Na sili zina msuguano. Pistoni inakwama kidogo kabla ya kuanza kusogea, kwa hiyo kwenye asilimia 5 za mwanzo na pale unapogeuza kutoka kukanyaga kwenda kuachia kuna kingo ndogo. Wapo wanaoipenda kwa sababu inafanana na gari. Mimi kwa kuachia breki asilimia 10 hadi 3 katikati ya kona, siitaki.

#15 Gereji_ya_Ndani (Mwanza)
Kwa anayekwenda haidroliki, mambo ya mafuta yasije yakamkuta hajajiandaa.

Kwanza, sili. Silinda zilizotengenezwa kwa mafuta ya breki ya DOT huwa na sili za EPDM (aina ya raba). Ukimimina mafuta ya madini humo, EPDM inavimba na pistoni inakwama. Zilizotengenezwa kwa mafuta ya madini, usitie DOT. Hakuna kuchanganya, hakuna "kidogo tu". Soma maandishi ya mtengenezaji.

Pili, DOT 4 inanyonya unyevu wa hewa na inababua rangi. Kwa pembezoni mwa ziwa au bahari, chupa iliyofunguliwa miezi 6 itupe. Ikidondokea rigi yenye rangi, osha kwa maji hapohapo.

Tatu, hewa. Dalili ya hewa ni pedali kuwa laini mwanzoni, halafu ukipampu mara 3 inakuwa ngumu. Toa hivi: inua silinda kuu iwe juu kuliko ya pili, sirinji ya ml 20 yenye mafuta kwenye tundu la chini, sirinji tupu juu. Sukuma kutoka chini kwenda juu polepole, maana hewa inapanda yenyewe. Gongagonga bomba kwa mpini wa bisibisi ili mapovu yaliyong'ang'ania yaachie. Funga skrubu ya juu huku bado unasukuma kidogo kutoka chini. Rudia mpaka sirinji ya juu isipate povu.

Nne, kama mfumo umefungwa kabisa na hauna tangi, mafuta yakipata joto yanatanuka na hayana pa kwenda. Shinikizo la kupumzika linapanda. Mchana unakuta breki inasoma asilimia 1 au 2 hujagusa kitu. Weka sehemu mfu (isiyosomwa) ya asilimia 2 au 3 chini, au usawazishe sifuri kila unapoanza.

#16 Mtwapa_Apex
Gereji shukrani, bandiko hili lihifadhiwe. Na unaona, Mzizima? Haidroliki nayo ina mchana na usiku wake.

#17 Seeb_Haidroliki
Asilimia 1 ya sifuri si sawa na asilimia 8 za juu. Msizichanganye.

#18 Nyaya_Tatu (Morogoro)
Mimi naangalia upande wa umeme. Lodi seli inatoa milivolti 2 kwa kila volti unayoilisha. Ukiilisha volti 5, ikijaa inatoa milivolti 10. Hiyo ni ishara ndogo mno, na mota ya usukani wenye nguvu iko sentimita 80 kutoka hapo. Ikiwa rigi haina ardhi, kelele ya mota inaingia kwenye waya wa pedali.

Nyumba nyingi zetu zina soketi za matundu matatu lakini waya wa ardhi haukuunganishwa nyuma ya ukuta. Pima kwa mita: moto na nyutro upate kama 230, kisha moto na ardhi upate karibu hiyohiyo. Ukipata namba ya ajabu kama 90 au 140, ardhi haipo. Mwite fundi umeme mwenye leseni, msiunganishe ardhi na nyutro kwa siri nyuma ya soketi, ni hatari ya kifo.

Dalili ya kelele ni pau ya breki kucheza 0 hadi 2 hujagusa, na inacheza zaidi usukani ukivuta kwa nguvu. Tiba nyingine: waya wa pedali upite mbali na waya wa umeme wa usukani, feraiti (kipete cha kuzuia kelele ya umeme) kwenye ncha zote mbili, na pedali ziende moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya habu inayotumika na usukani.

#19 Kipimo_Sahihi
Kelele inatikisa namba, haihamishi wastani kwa asilimia 8. Lakini ardhi wapime wote, hata wasio na pedali.

#20 Boda_Racing (Kisumu)
Mbona mnahangaika na bei za Ulaya? Lodi seli ya mizani, HX711 (chipu ya kuisoma) na Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta), umemaliza. Pedali yoyote ya zamani inageuka kuwa ya kilo 100.

#21 Nyaya_Tatu
Boda, Uno haiwezi kujitambulisha kama joistiki kwa njia ya kawaida. Chukua Leonardo au Pro Micro, zenye ATmega32U4, hizo zina USB yao ndani ya chipu.

Halafu HX711 nyingi hutoka kiwandani zikisoma mara 10 kwa sekunde. Kwa kilomita 250 kwa saa gari linakwenda karibu mita 7 kati ya usomaji mmoja na mwingine. Utakanyaga, na gari litajua baadaye. Pini ya 15 ya chipu, inayoitwa RATE, imeunganishwa na ardhi. Inyanyue na uipeleke kwenye volti, utapata mara 80 kwa sekunde. Hapo ni chini ya mita 1. Ukitaka chipu iliyo bora zaidi tumia ADS1220, inafika mara 2,000 kwa sekunde.

Waya za lodi seli: nyingi hutumia nyekundu na nyeusi kwa umeme, kijani na nyeupe kwa ishara, lakini thibitisha kwa mita. Ukikanyaga namba ikashuka badala ya kupanda, badilishana kijani na nyeupe, basi.

#22 Boda_Racing
Sawa, nimekosea kwenye Uno. Hoja ya bei inabaki palepale.

#23 Bi_Kona
Hoja ya bei ina ukweli, na wanaoagiza waihesabu vizuri. VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania, na inakokotolewa juu ya bei pamoja na usafiri, bima na ushuru wa forodha, si bei ya tovuti. Pedali ni chuma kizito, usafiri wake si wa bahasha. Kwa hiyo vipuri viagize palepale na boksi la kwanza: seti ya raba za ziada, bushi, lodi seli moja ya akiba, na kebo. Raba ya bei ndogo ikiagizwa peke yake baadaye, usafiri utaizidi thamani.

Na kwa sisi wa Safari Rally, ile iliyomo ndani ya mchezo wa EA Sports WRC, kilo 55 ni nyingi mno. Kwenye changarawe unagusa breki kwa mguu wa kushoto huku pedali ya mafuta imekanyagwa, kuhamisha uzito tu. Tengeneza profaili ya pili ya kilo 35 hadi 40.

#24 Mtwapa_Apex
Wa Nairobi uzi hauwezi kuisha bila Naivasha kutajwa.

#25 Bi_Kona
Na hautaisha, kaka. Ongeza na breki ya mkono hapo.

#26 Chuma_Kizito (Kampala)
Nyie mnazungumzia kilo 55 na 65. Madereva wa Formula 1 wanakanyaga zaidi ya kilo 100. Mzizima anunue ya kilo 140 amalize.

#27 Kipimo_Sahihi
Chuma, dereva wa Formula 1 amefungwa mikanda na gari linapunguza kasi kwa hadi 5g. Mguu wake mwenyewe unakuwa mzito mara 5 kuelekea pedali, na mwili mzima unamsukuma mbele. Sehemu ya zile kilo hazitoki kwenye msuli. Nyumbani huna g hata moja ya kukusaidia, zote unazitoa mwenyewe.

Kupata namba yako: kanyaga kwa nguvu unayoweza kushikilia sekunde 3 bila nyonga kunyanyuka kwenye kiti. Fanya mara 3, chukua wastani. Asilimia 70 hadi 80 ya hapo ndiyo iwe 100 yako. Kwa wengi inaangukia kati ya 45 na 70. Pedali ya 140 inaweza kuwekwa 60 bila shida, ila unalipia chuma usichokitumia, na rigi ya 40x40 chini yake itapinda. Kwa nguvu hizo bamba la pedali lifungwe kwenye 40x80 iliyosimama kwa upana wake wa 80, boliti za M8, vishikizo vya pembe pande zote mbili.

#28 Chuma_Kizito
Kuwa na akiba si kosa. Lodi seli inayofanya kazi kwenye nusu ya uwezo wake inadumu.

#29 Kipimo_Sahihi
Hilo ni kweli. Usomaji nao unabaki wa kutosha: hata nusu ya biti 16 ni hatua 32,000 na zaidi.

#30 Injini_Baridi (Toronto)
Kuna njia ya nne haijatajwa. Pedali yenye mota. Simucube wa Ufini wana ActivePedal: hakuna raba, mota inatengeneza ukinzani kwa mchoro uliouchora kwenye programu. Unachora milimita ngapi na kilo ngapi. Joto la chumba halihusiki na mchoro. ABS ikifanya kazi unaisikia unyayoni. Kama shida ya Mzizima ni raba, hiyo ndiyo dawa yake kamili.

#31 Gereji_ya_Ndani
Dawa kamili kwa mwenye mfuko huo. Ina umeme wake wa kuilisha, na umeme ukikatika katikati ya mbio, pedali inabaki chuma. Weka UPS. Na swichi ya kuzima iwe karibu na mkono, mota ile ina nguvu ya kusukuma mguu.

#32 Bi_Kona
Na programu za michezo zisisahauliwe. Assetto Corsa Competizione ina gama ya breki (kipimo cha kupinda mstari wa breki): kwa lodi seli iwe 1.0. iRacing nayo ina kipimo chake cha kupinda mstari wa breki, kilichowekwa kwa ajili ya pedali za mwendo. Kiondoe mpaka mstari unyooke. Ukiwa na mkunjo kwenye programu ya pedali na mkunjo mwingine ndani ya mchezo, tofauti ya kilo 2 pale juu inageuka asilimia 8. Mzizima, zako zikoje?

#33 Mzizima_GT
Wakuu, nimerudi na namba. Gama ya ACC ilikuwa 1.0. Ya iRacing ilikuwa haijaguswa, nimeinyoosha leo. Telemetria ya La Source ni ya ACC, kwa hiyo hiyo haihusiki na 81 na 89.

Mizani, asilimia:
Mchana kupanda, kilo 10, 20, 30, 40: 18, 36, 53, 70.
Mchana kushuka, 30, 20, 10: 55, 39, 21.
Usiku kupanda: 18, 36, 54, 72.
Usiku kushuka, 30, 20, 10: 55, 38, 20.

Mgongo wa kiti kwa asilimia 90 unarudi milimita 11.

#34 Bi_Kona
Milimita 11! Kiti.

#35 Gia_ya_Tano
70 na 72. Raba ipo hapo. Ndogo, lakini ipo, na inakua kadiri nguvu inavyopanda: kilo 10 sawa, 20 sawa, 30 tofauti 1, 40 tofauti 2.

#36 Mtwapa_Apex
Asilimia 2 kati ya 8. Sita zilizobaki ni za mguu. Sensa imetoka safi, asibadilishe chochote.

#37 Kipimo_Sahihi
Tusikimbilie. Kwa kilo 55 kuwa 100, kilo 40 zilitakiwa kusoma 72.7. Usiku anasoma 72, mchana 70. Wenzo unalegea huku juu, kama nilivyosema, na vipimo vyako vimeishia kilo 40, hatujui inakuwaje kwenye 48 halisi za La Source akiwa na mguu mzima.

La pili ni kushuka. Kwa kilo 20 anasoma 39 wakati wa kupanda alisoma 36. Huo ni msuguano wa bushi. Kwenye kuachia breki, kompyuta inaona breki nyingi kuliko mguu unavyodhani. Fungua pini, safisha, kama bushi ni za plastiki tumia kilainishi kikavu cha PTFE, kama ni za shaba tumia grisi ya silikoni. Grisi ya petroli isiguse raba asilia, itaivimbisha. Boliti ya pini isikazwe mpaka ubavu wa mkono ubanwe. Iache mkono uanguke wenyewe raba zikiwa zimetolewa.

#38 Seeb_Haidroliki
Na huo msuguano ndio unaoniambia aondoke kwenye pedali hiyo. Bushi za pedali za daraja la kati zinachakaa, atapaka grisi kila mwezi. Beringi za pedali za juu hazina shida hiyo, iwe lodi seli au haidroliki.

#39 Injini_Baridi
Mzizima, mchana na usiku mkanda ulifunga mahali palepale?

#40 Mzizima_GT
Mchana ulikuwa kwenye ncha ya juu ya bamba. Usiku ulishuka kidogo, sentimita 1 hivi, nilipoufunga upya.

#41 Kipimo_Sahihi
Mkuu, sentimita 1 kwenye mkono wa sentimita 20 ni asilimia 5 ya wenzo. Kushuka kunapunguza usomaji, kwa hiyo bila hiyo sentimita usiku ungesoma kama 76 badala ya 72. Pengo lako linaweza kuwa 6 na si 2. Chora mstari kwa kalamu kwenye bamba, pima upya mara mbili zote.

#42 Gia_ya_Tano
Raba.

#43 Bi_Kona
Kabla ya kupima, viatu ni vipi na kiti kimefungwa?

#44 Mzizima_GT
Soksi, nyakati zote. Kiti nakifunga Jumamosi kwa mabano ya chuma kwenye 40x80, mizani naipima Jumapili saa 8 mchana na saa 4 usiku, mstari wa kalamu tayari nimeuchora.